Sarafu ya Babu Yake Halfani

Halfani wa Kondoa alikuwa na ugonjwa wa kupenda vya kale, na ugonjwa ule haukuwa na dawa. Wenzake wa misafara wakienda pwani hurudi na shuka, shanga na chumvi. Yeye naye alirudi na hivyo hivyo, maana alikuwa na dada mwenye mdomo, lakini ndani ya mshipi wake hakukosa sarafu moja iliyochakaa ambayo hakuna duka lingeipokea. Alinunua Bagamoyo, akanunua Tabora, akanunua Dasalama. Akifika nyumbani huchukua jivu na ukwaju, akaisugua taratibu asiiharibu, kisha akakaa juani akiigeuzageuza na kusoma herufi moja moja kwa kile Kiarabu chake cha chuoni. Alisoma juzuu chache tu, akatoroka kwenda kubeba mizigo. Elimu yake iliishia hapo, maringo yakaendelea.

Msimdharau lakini, kitu alikijua. Alijua kwamba zile shaba nyembamba za Kilwa hazina mwaka, zina jina la sultani tu, na mtu asiyejua nani alitawala kabla ya nani atabaki kukodoa macho. Alijua kwamba pesa ya Unguja yenye picha ya mizani ina mwaka wa 1299, wa Kiislamu. Hata pesa za kwanza za Wadachi, zile walizozileta walipoingia nchi hii, alizisoma, kwa sababu na wao waliziandika kwa Kiarabu na kuziwekea mwaka wa Kiislamu ili watu wazikubali. Kitu kimoja tu hakukijua, na hicho ndicho kilichotaka kumla roho.

Mkewe aliitwa Tabu. Tabu alikuwa kijakazi wa mzee Mbwana, mfanyabiashara mkubwa wa Kondoa wakati ule, na Halfani alimwoa kwa ruhusa ya bwana wake, kama watu wengi walivyofanya. Mume huru, mke mtumwa. Na kwa kawaida ya siku zile mtoto hufuata mama: mtoto wa Tabu angekuwa mali ya mzee Mbwana hata kama baba yake ni mwungwana wa kutupwa. Halfani alilijua hilo akalilaza kichwani kama watu wanavyolaza mambo mazito, akisema iko siku. Tabu hakuwa mtu wa kulalamika. Ila kila mumewe alipofungua mshipi na kutoa kile kisarafu kipya chakavu, alikuwa akicheka na kumwambia, "Wewe kila safari unanunua cha kale. Mimi utaninunua lini, nikishakuwa cha kale?" Naye Halfani hucheka, akasema safari ijayo.

Safari moja akaenda Dasalama. Huko akakutana na mtu aliyejidai ametoka Makka, na mtu yule akamwonyesha sarafu ya fedha, ya Misri, yenye jina la sultani limesukwasukwa kama mkeka upande mmoja, na upande wa pili maneno yanayosema imepigwa Misri. Chini yake mwaka: 1293. Akaapa kwamba ilikuwa sandukuni kwa sharifu mmoja tangu kabla Wadachi hawajaota habari za nchi hii. Halfani aliona ni nzito, ni nzuri, kingo zake bado kali, akajiambia kweli, hii imelala sandukuni. Akainunua kwa bei ya mjinga. Hapo juu, karibu na ukingo, palikuwa na tarakimu nyingine ndogo, mbili tu. Akadhani ni alama ya fundi, akaziacha.

Aliporudi akamkuta Tabu amejifungua binti. Wakamwita Mwamvua. Siku ya saba ikafanywa akika uani kwa mzee Mbwana: mbuzi akachinjwa, mtoto akanyolewa, na nywele zake zikapimwa kwenye mizani ya sonara ili fedha ya uzito ule itolewe sadaka. Wageni wa mzee walikuwepo, watu wa pwani na vilemba vyao, wanaokutajia mababu mpaka babu wa saba bila kumeza mate. Halfani, mpagazi mtoto wa mpagazi, akajiona kama kuku wa kienyeji kati ya kanga. Basi shetani akamwingia. Akachomoa ile sarafu, ambayo alikuwa ameifukiza moshi kidogo ili ionekane nzee, akaiweka kwenye sahani ya pili ya mizani mbele ya macho ya watu wote. Akasema ni ya babu yake. Someni wenyewe, akasema, 1293. Watu wakasoma, wakatikisa vichwa. Aliyeshika mizani siku hiyo alikuwa Shaaban, mtoto wa mzee Mbwana, kijana aliyeanza tu kuota ndevu, naye alitikisa kichwa zaidi kuliko wote.

Sadaka ikatolewa kwa pesa za kawaida. Sarafu Halfani akaitoboa yeye mwenyewe kwa msumari wa sonara, juu, mahali pa uzi, akamvika mwanawe shingoni kumkinga na jicho baya. Kuanzia siku hiyo Kondoa yote iliijua sarafu ya babu yake Halfani.

Miaka ikaenda. Tabu akashikwa na homa za masika, akafa akiwa bado kijakazi, na safari ijayo haikuwahi kufika. Mwamvua akalelewa na baba yake pamoja na shangazi yake Mwanahawa, dada mkubwa wa Halfani, yule mwenye mdomo. Mzee Mbwana hakumdai mtoto. Siku moja walipotoka msikitini alimshika Halfani bega akamwambia, "Mtoto ni wako, mlee." Walikuwa wawili tu mlangoni, na Halfani kwa heshima hakuthubutu kumwomba mzee arudie mbele za watu. Kisha mzee naye akafa.

Shaaban akarithi nyumba, duka na watu. Reli ilikuwa imekwisha pita Dodoma ikafika Tabora, biashara ya misafara imedoda, naye akaamua kuhamia Tabora. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga na alitaka msichana wa kumbebea. Basi Shaaban akaja kwa Halfani kwa upole kabisa, akanywa na uji, akasema anamhitaji Mwamvua, wamwandae kwa safari.

Halfani alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Aliomba, akatuma wazee, akasema yuko tayari kumkomboa kwa chochote atakachotajiwa. Shaaban akajibu kwamba yeye hauzi, anataka mtoto wa nyumbani aliyezoeleka. Ikabaki kwenda boma, kwa serikali ya Wadachi.

Sasa sheria ya Wadachi ilikuwa hivi, na kila mtumwa na kila bwana aliijua: mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya siku ya mwisho ya mwaka wa Kizungu wa 1905 ni huru, hana bwana. Aliyezaliwa kabla, shauri yake. Jambo lote lilikuwa hapo. Mwamvua alizaliwa lini? Nani wa kusema? Hakuna aliyeandika. Watu wa Kondoa walihesabu miaka kwa nzige, kwa njaa na kwa vita, na kila mtu ana nzige wake.

Siku ya shauri Shaaban alikuja na mashahidi wawili wanaokula kwake. Wakasema mtoto alizaliwa mwaka wa nzige, kabla ya vita vya Maji Maji. Halfani akasema hapana, alizaliwa vita vimeshapamba moto kusini, yeye alikuwa ametoka Dasalama, tena akarudi na ile sarafu anayovaa mtoto. Hapo akasikia kicheko nyuma yake. Shaaban akauliza kwa sauti tamu, "Sarafu ipi, Bwana Halfani? Ile ya babu yako?"

Watu walicheka mpaka askari akawanyamazisha. Halfani alikuwa amejifunga mwenyewe. Aseme nini? Akisema ameinunua, yeye mwongo wa miaka yote. Akisema ni ya babu, ushahidi wake umekwisha. Bwana Mkubwa wa boma, Mdachi, alikijua Kiswahili vizuri, akamwambia kwamba mtu anayemtungia babu yake uongo anaweza kumtungia na binti yake. Akamwita Mwamvua, akamfungua mdomo. Mtoto alikuwa mrefu, amemchukua mama yake, na jino la mbele lilikuwa linacheza. Shaaban akadakia kwamba mtoto wa kung'oka meno si wa juzi. Bwana Mkubwa alikuwa na safari ya kodi upande wa Usandawe. Akaamuru mtoto akae kwa Shaaban, asitolewe Kondoa, na atakaporudi, kama Halfani hana shahidi wa maana, mtoto aende Tabora.

Walipotoka nje Mwamvua alimshika baba yake kidole. Hakuelewa sana, alidhani anakwenda kulala kwa watu siku chache. Akamwambia jino lake linacheza, atazame. Halfani alitazama. Akamsihi asiliguse kwa ulimi, asitafune muwa, asilichezee hata kidogo, mpaka amwambie. Mtoto akaahidi. Fikirieni mtu mzima anayeweka tumaini lake kwenye jino la mtoto, na jino lenyewe liko njiani kutoka.

Shahidi mmoja alibaki kichwani mwake: Matonya, Mgogo aliyemuuzia mbuzi wa akika, mtu aliyekumbuka kila mnyama aliyewahi kumuuza na siku aliyomuuza. Alisikia yuko Dodoma kwenye kazi ya reli. Halfani akafunga mshipi wake, mkoba wa sarafu zake zote ndani, akashika njia ya Kelema, akatembea kama mtu anayefukuzwa. Alifika Dodoma vumbi mpaka kwenye kope. Pale stesheni wakamwambia Matonya ameshapelekwa mbele na reli, Tabora na kupita, labda Malagarasi, labda kwingine.

Halfani alikaa penye muuza kahawa, na kwa kuwa hakuwa na pesa halali hata ya kikombe, akamwaga mkoba wake juu ya mkeka, huenda akatokea mtu wa kununua kimoja. Aliziangalia zile shaba na fedha alizozibeba miaka yote. Zamani akiziangalia hivi moyo ulikuwa ukimfurahi. Siku hiyo aliziona takataka.

Jirani yake pale mkekani alikuwa mzee wa Kisudani, askari wa zamani, katika wale walioletwa na Wadachi kutoka Misri tangu mwanzo. Watu wote wa pale walimwita Shaushi, kwa cheo chake cha jeshini, hata jina lake likasahauliwa. Halfani alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia, mara akapeleka mkono kwenye sarafu moja ndogo ya fedha ambayo Halfani aliinunua Tabora zamani. Akaigeuza. Akatabasamu kama aliyekutana na ndugu.

"Hii nimelipwa nayo," akasema. "Mwaka wa kumi na moja. Nilikuwa kijana, hata sijaoa."

Halfani akamsahihisha, kwa ule ujuzi wake, kwamba mwaka si kumi na moja, ni 1293, umeandikwa hapo chini. Mzee akamtazama kwa huruma. Akamwonyesha kwa ukucha. Hii 1293 ya chini, akasema, ni mwaka sultani alipokalia kiti. Sarafu zake zote zinao, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, haubadiliki. Kutaka kujua sarafu imepigwa lini usitazame chini, tazama juu, hiyo tarakimu ndogo: ndiyo miaka ya sultani kitini. Hii ina kumi na moja. Uhesabu ule wa 1293 kuwa wa kwanza, twende mbele mpaka wa kumi na moja, utapata 1303. Ndio mwaka aliopokea mshahara wake wa kwanza.

Halfani akamshika mzee mkono kwa nguvu hata kahawa ikamwagika, akaomba radhi, akamweleza habari ya mtoto na sarafu yake, akamtaka amhesabie. Siku ile Wadachi waliyoiweka, mwisho wa mwaka wao wa 1905, kwa Kiislamu ilikuwa mwaka gani? Mzee akafikiri, akahesabu kwa Ramadhani alizofunga kambini, akasema 1323. Basi sultani alikuwa na mwaka wa ngapi? Wa thelathini na moja, akasema mzee. Ya thelathini ni ya kabla. Ya thelathini na moja, mtu anaweza kubishana. Ya thelathini na mbili kwenda juu, hiyo ni ya baada, hakuna wa kubisha.

Mzee akauliza, "Yako ina ngapi?"

Halfani hakukumbuka. Miaka yote amemsoma mtoto shingoni, 1293, 1293, akimwonyesha kila mgeni, na ile ndogo ya juu hakuipa hata jicho moja. Alitaka kumwachia Shaushi ile sarafu ya ujana wake. Mzee akamrudishia, akamwambia ataihitaji ya kulinganisha. Akamlipia na kahawa.

Njia ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko ya kwenda. Wakati wa kwenda alikuwa na tumaini moja lililokufa likamwacha. Sasa alikuwa nalo hai, linamtafuna. Akitembea alifumba macho kujaribu kuiona ile sarafu. Juu kulikuwa na nini? Mbili na tatu za Kiarabu ni ndugu, moja imezidi mwenzake jino moja tu. Ikiwa ni ishirini na mbili? Ishirini na tatu? Basi ni ya zamani kweli, na yule mtu wa Dasalama hakudanganya sana, Mungu amlaani. Ona mambo. Mtu aliyeomba miaka yote sarafu yake iwe nzee alikuwa anatembea katika pori la Ugogo akimwomba Mwenyezi Mungu awe ameuziwa kitu kipya, kibovu, cha juzi.

Karibu na Kelema akasimama ghafla katikati ya njia, hata mchunga ng'ombe mmoja akamuuliza kama ameona nyoka. Alikuwa amekumbuka tundu. Aliitoboa yeye mwenyewe. Juu, mahali pa uzi. Na ile tarakimu ndogo iko wapi? Juu.

Alikaa chini kando ya njia akalia, bila kujificha.

Kondoa hakumwambia mtu. Neno likimfikia Shaaban tu, sarafu itavuliwa, itapotea, na mtoto na yeye basi. Hata Mwanahawa alimficha, maana kumwambia Mwanahawa ni kuliambia soko. Yeye ndiye aliyekuwa akienda kumtazama mtoto, akaleta habari moto moto: kwamba mke wa Shaaban aliitaka ile sarafu amvike mwanawe, kwamba Mwamvua aliifumbata mkononi akapiga kelele mpaka majirani wakaja, kwamba yeye shangazi alimtetea. Na kwamba kila Ijumaa, asiwe na wasiwasi, haachi kuisugua kwa jivu na ukwaju kama alivyofundishwa, na juzi ameisugua kwa nguvu zote, inang'aa kama mpya, herufi zote zimelainika.

Halfani alimkaripia dada yake mkubwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Nani amekutuma, alimwambia, nani amekutuma kuisugua. Mwanahawa akajifunga kanga akatoka, naye Halfani akabaki na aibu juu ya hofu.

Bwana Mkubwa akarudi. Boma lilijaa watu, maana kisa cha babu yake Halfani kilikuwa kimewapendeza. Mwalimu wa msikiti aliitwa na Msahafu wa kuapishia. Halfani alisimama, akaomba jambo moja tu kabla ya yote: Shaaban aulizwe, kwa yamini, kama sarafu anayovaa mtoto ndiyo iliyokuwa mizanini siku ya saba.

Shaaban hakuona mtego, atauonaje? Sarafu ya 1293 ingemdhuru nini? Kadiri ilivyokuwa nzee ndivyo Halfani alivyokuwa mwongo. Akaweka mkono juu ya Msahafu akaapa wazi wazi: ndiyo hiyo hiyo, mizani nilishika mimi, Kondoa yote iliona.

"Basi, Bwana Mkubwa," akasema Halfani, "na mimi niseme ukweli wangu mbele ya hawa hawa. Babu yangu hakuwa na sarafu. Alikuwa na ng'ombe wawili na upele. Hii niliinunua Dasalama kwa mtu aliyenidanganya, nikaja kuwadanganya nyinyi."

Kicheko kilichopigwa pale kilisikika mpaka mtoni Bubu. Halfani alikiacha kiishe. Kisha akaeleza mambo ya chini na ya juu, mwaka wa kukalia kiti na miaka ya kitini, akatoa na ile sarafu ya Tabora ionekane. Bwana Mkubwa hakumwamini. Akamwita askari wa Kisudani aliyekuwa mlangoni, akampa sarafu bila kumwambia neno, akamuuliza ni ya lini. Askari akatazama juu, si chini, akasema ya mwaka wa kumi na moja wa sultani. Kicheko kikapungua.

Mtoto akaletwa. Alimwona baba yake akatabasamu, na pale mbele mdomoni palikuwa wazi. Jino lilikuwa limekwenda. Shaaban alimwonyesha Bwana Mkubwa kwa kidole, lakini Bwana Mkubwa alikuwa anamfungua mtoto uzi.

Mwalimu akaipokea sarafu, akaisogeza dirishani. Halfani hakuweza kutazama, akatazama miguu ya mwanawe. Akasikia mwalimu anasema chini iko 1293. Akasikia anasema juu pana tatu, imelainika lakini ni tatu.

"Ya pili imetobolewa," mwalimu akasema.

Halfani alijiona na ule msumari wa sonara mkononi, siku ile ya furaha, akijitapa mbele ya vilemba, akimtoboa mwanawe uhuru. Thelathini na ngapi? Thelathini, mtoto anakwenda Tabora. Thelathini na moja, watabishana, na yeye si mtu wa kushinda ubishi hapo bomani. Shaaban alisogea kuona.

Bwana Mkubwa akatoa kioo chake cha kukuzia, akampa mwalimu. Mwalimu akainama sana. Akasema mkia umeliwa na tundu, ila kichwa kimebaki. Bwana Mkubwa akauliza kichwa gani. Mwalimu akachukua kijiti akachora sakafuni penye vumbi, polepole, kwa desturi yake ya chuoni. Sufuri ni nukta, haina kichwa. Moja ni fimbo iliyonyooka, nayo haina kichwa. Hiki kilichobaki kina pembe. Ni mbili au ni tatu, akasema, ipi kati ya hizo mimi siapi, lakini si sufuri na si moja.

Bwana Mkubwa akahesabu na karani wake, wakabishana kidogo kwa Kidachi, wakahesabu tena. Kisha akamgeukia Shaaban. Akamwambia ama ni thelathini na mbili ama thelathini na tatu, kwa vyovyote sarafu hii haikuwa imepigwa siku ya mwisho ya mwaka 1905, na wewe umeapa kwamba ilikuwa mizanini mtoto alipokuwa wa siku saba. Shaaban akaanza kusema labda ilikuwa nyingine, labda hakutazama vizuri. Mwalimu alimwangalia, akamwonyesha Msahafu alioapia. Shaaban akarudi nyuma. Tuseme haki yake: alitoka bila kutukana mtu, na mwezi ule ule akahamia Tabora.

Halfani alipiga magoti pale pale akamkumbatia mwanawe, akalia, akacheka, hajui kipi kimetangulia. Mwanahawa naye alilia kwa sauti kule mlangoni, na kesi yao ya jivu ikaishia hapo.

Karani akaandika. Jina la mtoto, Mwamvua. La baba, Halfani. Mama? Tabu, akasema Halfani. Huru au mtumwa? Karani akarudia swali kwa sababu alikuwa na watu wengine wanaongoja.

"Mtumwa," akasema.

Walirudi nyumbani jua likiwa kali, watu wakimtania njia nzima, wakimuuliza hali ya ng'ombe wawili wa babu na upele wao, naye akiwaitikia kwa raha. Mwamvua alikuwa amevaa tena sarafu yake. Alitembea akiitazama, akapitisha ulimi penye pengo, akauliza kama ni kweli si ya babu. Halfani akamwambia si ya babu, ni ya rika lake yeye, wamekuja duniani karibu pamoja, na ndiyo iliyomtoa kwa Shaaban.

Mtoto akalifikiria hilo mpaka walipofika penye uzio wao. Kisha akauliza, "Na mama, yake ilikuwa ipi?"

Halfani alikuwa na mkoba mzima kiunoni, za Kilwa, za Unguja, za Misri, za kila njia aliyowahi kupita. Ulikuwa mzito siku ile kuliko siku zote. Akasimama pale mlangoni, akaushika kwa mkono mmoja, na hakuwa na ya kumwonyesha.